Ndoo za Mbele

Bomba la mtaa ule lilikuwa na tabia ya kukohoa kabla ya kutoa maji. Kwanza lilipiga kikohozi kikavu cha hewa tupu, kisha likanguruma huko chini tumboni, kisha likatema tone mojamoja kama mtu anayejishauri. Wanawake waliokuwa wamekalia ndoo zao walisimama kwa pamoja, na Mama Bomba, aliyekabidhiwa ufunguo wa koki kwa sababu sauti yake ilifika mbali kuliko ya yeyote, akapanda juu ya kizingiti cha saruji.

"Wenye vichanga mbele! Wenye mimba mbele! Fundi, na mguu wako huo, pita! Nyinyi wengine mnasukumana nini? Mnadhani humu yanatoka maziwa?"

Watu wakacheka, wakapisha. Maji yalitoka mara moja kwa juma, juma jingine yakasahau kabisa, na yalipotoka yaliweza kukatika kabla nusu ya foleni haijapata kitu. Kwa hiyo mtaa ulikuwa umekubaliana kwamba aliyebeba mtoto hangoji, wala mjamzito, wala mgonjwa. Hakuna aliyekumbuka nani alianza. Hata vijana wa kijiweni, ambao hawakumheshimu mtu, waliiheshimu foleni ile. Mpangaji mpya akihamia, hilo ndilo aliloelezwa kabla hata hajaonyeshwa choo.

Chupa alikuwa amesimama kando, sanduku la barafu miguuni. Alikuwa mpimaji katika maabara ya idara ya maji, msichana mwembamba aliyeongea chinichini hata ukadhani anaongea na kola ya gauni lake. Jina la Chupa alipewa na watoto wa mtaa kwa ajili ya vichupa vyake vya sampuli, likamganda. Aliishi nyumba ya tatu kutoka bombani, kwa kaka yake. Kaka mwenyewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, mgeni kuliko wageni nyumbani kwake, hivyo nyumba ikabaki ya Chupa, wifi yake, na Bonge.

Bonge hakuwa amefikisha mwaka. Mapaja yake yalikuwa na mikunjo ambayo, kwa maneno ya mama yake, ungeweza kupotezea kijiko humo. Siku ile alikuwa ndani ya mbeleko mgongoni, kichwa pembeni, anamtazama shangazi yake kama anayemdai maelezo.

"Wifi, cheka basi na mwenzio," alisema mama Bonge akiisogeza ndoo chini ya bomba. "Anakutazama wewe tu. Mtu akikuona na hilo sanduku atadhani umekuja kuchukua mwili."

"Niko kazini, wifi."

"Kazini! Kuchungulia maji. Na mimi ningesoma."

Ndoo ya kwanza ilikuwa yake. Maji yalitoka na wekundu kidogo wa kutu, kama kawaida, na mama Bonge akafunga kitambaa mdomoni mwa ndoo ili yachujike. Ndoo za kina mama wengine zikafuata, na ya mjamzito, na ya fundi cherehani aliyechechemea. Hapo maji yakaanza kung'aa. Chupa alingoja foleni itulie, kisha akaomba nafasi, akafunga koki, akachovya pamba kwenye spiriti, akaiwasha na kuuchoma mdomo wa bomba mpaka ukawa wa moto.

"Unalichoma tena bomba langu," alisema Mama Bomba. "Limekukosea nini, mwanangu?"

"Ndiyo taratibu, mama. Nisipolichoma nitapima uchafu wa mikono ya watu, nidhani ni wa maji."

"Haya, choma. Ukilitoboa utatuletea jingine."

Akafungua koki tena, akayaacha maji yatiririke kama alivyofundishwa chuoni, kisha akajaza kichupa bila kugusa shingo yake. Kwenye kichupa kingine alitumbukiza kidonge, maji yakageuka rangi ya waridi. Maana yake dawa ya kuua vijidudu iliyotiwa kwenye matangi ya mjini ilikuwa imefika salama hadi hapo. Kesho yake visahani vya maabara vya kuoteshea vijidudu vilikuwa vyeupe kabisa, havina doa hata moja. Chupa akabandika karatasi ukutani juu ya bomba, kama kila mara: maji haya yanafaa kunywewa.

Jioni wifi alikuwa anapuliza jiko, macho yanamtoka machozi.

"Eti wifi. Yanafaa au hayafai?"

"Yanafaa."

"Sasa mimi huyu mtoto namchemshia nini kila siku? Mkaa wenyewe ndio huu, unawaka kama umenuna."

Chupa alijua jibu la kitabuni. Mtoto mdogo achemshiwe, na liishe. Lakini katika nyumba ile kazi yake ilikuwa mzaha siku zote, kuchungulia maji, kuchoma mabomba, na hii ilikuwa mara ya kwanza mtu anaiuliza kwa dhati, tayari kuitegemea. Kitu kitamu kilimpita kifuani.

"Ukipenda, acha tu," alisema.

Bonge alianza kuharisha juma lililofuata. Akapona, akacheka, maji yakatoka tena, akaharisha tena, na safari hii hakucheka. Mikunjo ya mapaja ililegea ikawa ngozi tupu. Zahanati walimpa mama yake pakiti za unga wa kurudisha maji mwilini, akawa anaukoroga kikombe baada ya kikombe, kwa maji ya ndooni, na kumnywesha kwa kijiko. Alimnywesha kwa bidii ya mama aliyeambiwa kwamba kila kijiko ni uhai.

Chupa alikuja na kidonge chake, akakitia kwenye maji ya ndoo. Hayakugeuka rangi. Hilo halikumshangaza, kwa sababu dawa hupungua maji yakikaa. Vitabu vyote vilisema maji safi ya bombani huchafukia nyumbani: ndoo isiyo na mfuniko, kata inayolazwa chini, mikono. Akaikagua ndoo. Ilikuwa safi, ina mfuniko. Akaikagua kata.

"Wifi," alianza. "Ukimbadilisha nepi, unanawa kabla hujachota?"

Mama Bonge aliinua uso taratibu.

"Unaniuliza mimi?"

"Nauliza tu. Bombani yako safi. Kwa hiyo ni humu ndani."

"Humu ndani niko mimi na wewe, na wewe unashinda kazini." Hakupandisha sauti. "Sema, wifi. Sema mimi mchafu."

"Sijasema hivyo."

"Hujasema."

Tangu siku hiyo alinawa mikono mpaka ikawa kama ya mtu aliyeshika chokaa. Alinawa kabla ya kumshika mtoto na baada ya kumshika, akaisugua kata kwa majivu, akaisugua ndoo, na kila alipomaliza alimtazama Chupa. Bonge aliendelea kwisha. Usiku mmoja alikauka machozi, akawa analia makavu, na asubuhi walimkimbiza hospitali, akalazwa na kuwekewa dripu kichwani kwa sababu mishipa ya mikono ilikuwa imejificha.

Kule kwenye benchi la wodini Chupa aliwakuta akina mama wa mtaani kwake. Hilo nalo halikumshtua. Watoto wadogo ndio huugua siku zote. Kilichomshtua kilikuwa mlangoni. Fundi cherehani alikuwa ameegemea ukuta wa wodi ya wanaume, suruali imemning'inia kama bendera siku isiyo na upepo.

"Fundi, na wewe?"

"Tumbo, binti. Limenifungulia mkutano wa hadhara."

"Umekula kwa nani?"

"Nile kwa nani? Naishi peke yangu, napika mwenyewe, hata panya kwangu walishahama." Akajikunja, akanyooka tena. "Sina mtoto, sina mke, sasa nashangaa huku kuharisha kwa watoto kumenijuaje."

Chupa alibaki amesimama. Mtu mzima asiye na mtoto, nyumba yake upande wa pili wa mtaa, ndoo nyingine, kata nyingine, mikono mingine. Alimtazama usoni, kisha akautazama ule mguu wake mfupi. Fundi hakuwa na kitu chochote cha pamoja na wale akina mama, ila kimoja: wote walipita mbele. Naye Chupa, miaka yote aliyopima, alikuwa hajawahi kujaza kichupa kabla ndoo za mbele hazijaondoka.

Ilibidi angoje maji yatoke. Yalipotoka, bomba likikohoa, alijisogeza hadi kizingitini, kichupa mkononi, mwili mzima ukimwasha kwa haya.

"Mama, naomba nianze mimi."

"Wewe?" Mama Bomba alimpima kwa macho. "Una mimba?"

Foleni ikaangua kicheko.

"Hapana, mama."

"Basi nyuma, na chupa yako. Humu hatujali kazi ya mtu."

"Ni kwa ajili ya Bonge," alisema Chupa.

Mama Bomba akashuka kizingitini. Akamshika bega, akamvuta hadi chini ya bomba, akawafokea waliokuwa bado wanacheka. "Si useme mapema, mwanangu. Chota. Chota ya kwanza kabisa, umpelekee."

Hakuchoma kitu. Hakuacha yatiririke. Alikinga kichupa chini ya mate yale ya kwanza mekundu, akatumbukiza kidonge katika kichupa cha pili, akakitikisa, akakiinua juani. Alingoja. Maji yalibaki na rangi yake ya kutu. Akatia kidonge kingine. Hakuna waridi, hata kivuli chake. Hakukuwa na dawa ndani ya maji yale kwa sababu uchafu uliomo ulikuwa umeimaliza yote.

Nyuma yake ndoo ya mwanamke mmoja mwenye mapacha ilikuwa inajaa. "Msiyanywe," alisema Chupa. Vyuma vya ndoo viligongana. "Mama, hayo wasiyanywe." Mama Bomba alikuwa anamkemea mtu mwisho wa foleni. Chupa akanyoosha mkono amguse, na hapo simu ikalia mfukoni. Alikuwa wifi. Hakusema kitu, alikuwa anahema tu. Chupa alikamata sanduku lake akakimbia, na huku akikimbia alijigeuza akapiga kelele, "Chemsheni!" kwa sauti iliyoishia hatua chache mbele yake.

Alikuta kitanda kimeshatandikwa. Wifi alikuwa ameketi kwenye benchi la ukumbini, Bonge mapajani, amefunikwa yote hadi usoni, na muuguzi amesimama mbele yake anamsihi amwachie. Mama Bonge hakuwa anamsikia. Alimwona Chupa, akanyoosha mikono yake miwili, viganja juu, iliyochanika kwa sabuni.

"Nilinawa, wifi," alisema. "Kila mara nilinawa."

Chupa alifungua mdomo. Muuguzi akamtoa mtoto taratibu, mama akapiga ukunga, na neno alilotaka kusema likabaki shingoni. Likabaki huko siku ya mazishi, na siku za watu kuja na kuondoka.

Aliporudi kazini alivitoa kwenye kabati la joto visahani vya sampuli ile, ambavyo mwenzake wa maabara alivipanda siku ileile alipopelekewa sanduku. Havikuwa na madoa ya kuhesabika. Madoa yalikuwa yamepandana, yamekuwa utando mmoja wa manjano kutoka ukingo hadi ukingo. Akampelekea mkuu wa maabara, mzee aliyekaribia kustaafu, ambaye alivitazama kwa muda akauliza, "Umechukuaje?"

"Ya kwanza kabisa. Bila kuchoma bomba."

"Basi sampuli haifai. Unajua mwenyewe."

"Mkuu, hakuna anayechoma bomba kabla ya kunywa."

Alisema kwa sauti yake ileile ya chini, lakini mkuu alivua miwani. Akavuta kiti, akamwonyesha kingine.

"Bomba la chini la mtaa ule linapita ndani ya mtaro wa majitaka," alisema. "Viungo vimeoza. Likijaa, maji yanasukuma kwenda nje, hakuna shida. Likikauka siku nzima, linanyonya. Kilichomo mtaroni kinaingia humo, kinalala, kinangoja. Maji yakirudi, ndicho kinachotangulia."

"Mlikuwa mnajua?"

"Tumeomba lihamishwe. Bado tunaomba." Akazungusha kisahani mezani. "Lakini kwamba kinafika hivi hadi kinywani mwa watu, hilo hatukujua. Karatasi zako zilisema safi, nikalala. Sasa sikiliza. Nikiandika halifai, watalifunga, na watu watachota mtaroni kwenyewe. Fanya hivi: bandua hiyo karatasi, na maji ya mwanzo yamwagwe mpaka kidonge kigeuke. Nendeni mkawaambie."

Alisema nendeni, lakini hakuinuka.

Mama Bomba alikuwa mlangoni kwake anachambua mboga. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya. Kisha uso ukamvimba.

"Kwa hiyo unanijia nyumbani kwangu kuniambia ninaua watoto."

"Hapana, mama. Hakuna aliyejua."

"Mimi ndiye ninayewaita! Mimi, kwa mdomo wangu!" Sinia ikamponyoka, mboga zikamwagika, hakuzitazama. Alipozungumza tena, sauti iliyojulikana mtaa mzima ilikuwa imeisha. "Yule mtoto wa msusi, aliyekufa mwaka jana. Mama yake alikuwa na haya, mtoto wa kwanza, kajificha nyuma kule. Nilishuka mwenyewe nikamvuta mkono. Nikamwambia pita, mwanangu, usione haya, hapa kwetu ndivyo tulivyo."

Chupa alipiga magoti akaanza kuokota mboga. Hakujua afanye nini kingine.

Siku ya maji, Mama Bomba alifungua koki na kusimama mbele ya bomba, miguu imeachana, hakumruhusu mtu. Maji mekundu yakaanguka kwenye saruji, yakatambaa kuelekea mtaroni. Kwanza watu walidhani amepitiwa.

"Mama, yanamwagika!"

"Naona. Nina macho."

"Yamwagike? Juma zima tumekauka kama kuni, leo yamwagike?"

"Acheni wazimu! Yakikatika tutakunywa nini, hotuba?"

Mwanamume mmoja alisukuma beseni lake likinge mkondo, Mama Bomba akalipiga teke. Wakatukanana. Chupa alikuwa amechuchumaa pembeni na vichupa vyake, anakinga, anatia kidonge, anainua, anamwaga, anakinga tena. Kidonge baada ya kidonge, maji yalikuwa ya kutu tu, na kila kichupa alichomwaga kilipandisha matusi. Mwenye mapacha hakuwepo kwenye foleni. Alikuwa wodini na mmoja wao.

Ndipo Mama Bomba alipomwona mama Bonge. Alikuwa amekuja na ndoo yake, amesimama nyuma kabisa, nyuma ya vijana wa kijiweni. Mazoea ni kitu kibaya. Mdomo wa Mama Bomba ulifunguka kabla hajafikiri.

"Mama Bonge, pi..."

"Nipite na nani?" alisema mama Bonge.

Kelele zilikoma. Hata aliyekuwa amebeba beseni aliliweka chini. Kilichosikika kilikuwa yale maji, yakianguka na kutambaa. Mama Bonge aliyafuata kwa macho kutoka mdomo wa bomba hadi ukingo wa mtaro.

"Kwa nini mnayamwaga?" aliuliza.

Hakumuuliza Mama Bomba. Chupa aliinuka, akapita katikati ya ndoo, watu wakimpisha, akasimama mbele ya wifi yake.

"Kwa sababu ya mwanzo yana kinyesi, wifi. Yanatoka mtaroni, yanaingia bomba likiwa tupu. Ndoo zinazofuata ni safi. Nilikuwa napima zinazofuata."

Mama Bonge aliitua ndoo yake chini.

"Haikuwa mikono yako. Ilikuwa ile ndoo ya kwanza. Na mimi niliyekwambia uache kuchemsha, halafu nikaja kukuuliza kama unanawa." Machozi yalimshuka, akayaacha. "Nilijua tangu siku ile pale hospitali. Sikuweza kusema."

"Siku ile pale hospitali," alirudia mama Bonge polepole. Alikuwa anaitazama mikono yake, mbele na nyuma, kama aliyeiazima. "Kaka yako alinisimamisha mbele ya mama yake, siku ya mazishi. Akaniuliza nimemlisha nini mwanawe. Nikasema sijui, maana niliamini ni mimi. Tangu siku hiyo akipiga simu anauliza kama mlango umefungwa, basi. Na wewe ulikuwa umekaa palepale, wifi. Unapakua chakula cha wageni."

"Nisamehe."

"Mimi sijafika huko." Akatoa simu kifuani, akabonyeza, akamnyooshea. "Mwambie."

"Sasa hivi? Hapa?"

"Hapa hapa. Na utoe sauti. Nataka kusikia kila neno."

Simu iliita kwa muda mrefu. Pale mbele Mama Bomba alikuwa amekiokota kichupa kilichoachwa, amekinga mwenyewe, anakitikisa kwa vidole vinene visivyozoea. Kisha upande wa pili ukasikika mngurumo wa lori, na sauti ya kaka, iliyochoka, inayodhani anayempigia ni mkewe.

"Haya. Kuna nini tena?"

"Kaka, ni mimi," alisema Chupa, kwa nguvu, hata waliokuwa bombani wakageuka. "Simamisha gari pembeni. Kuna jambo nililokuficha."